Nondo wa Amerika Kaskazini: Uhai mfupi wa usiku na makosa marefu ya binadamu

NENO nondo likitajwa mjini, wengi hufikiria mambo mawili. La kwanza ni vyuma vinavyofungwa na kumwagiwa zege wakati wa ujenzi. La pili ni mdudu mdogo wa rangi ya majani makavu anayeruka kutoka kabatini na kumwachia mwenye nyumba suti ya sufu yenye matundu. Mdudu huyo wa kabatini ndiye aliyewachafulia jina ndugu zake wote.

Hata hivyo, lawama hizo hazimstahili kikamilifu hata yeye mwenyewe. Nondo wa nguo akishaota mabawa hali kitu chochote. Anayekula sufu, manyoya na hariri ni kiwavi wake, ambaye ni vigumu kumwona kwa kuwa hujificha gizani katikati ya mikunjo ya nguo.

Katika nchi za Marekani na Kanada pekee, wataalamu wa wadudu wameorodhesha zaidi ya aina 11,000 za nondo, ilhali aina za vipepeo wa mchana hazifiki hata 1,000. Kati ya nondo hao wote, wanaoharibu nguo ni wa kuhesabika kwa vidole. Waliobaki huishi misituni, jangwani, mashambani na hata katika nchi ya barafu, na wengi wao hawana madhara yoyote kwa binadamu.

Historia ya wadudu hao inastahili kufahamika hata na watu walio mbali na bara hilo. Ndani yake kimo kisa cha mtu mmoja aliyeingiza mayai ya nondo kutoka nchi za nje na kusababisha hasara ambayo haijamalizika kwa zaidi ya miaka 150. Kimo pia kisa cha dawa iliyoua wasiohusika. Aidha, nondo mmoja mwenye asili ya Amerika amekwisha kuvuka bahari ya Atlantiki, na leo anakula mahindi katika mashamba ya Afrika Mashariki.

Jinsi wanavyotambulika

Nondo na vipepeo ni wa oda moja ya wadudu inayoitwa Lepidoptera, jina lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya mabawa ya magamba. Unga unaobaki vidoleni mtu anapomshika nondo si vumbi. Ni magamba madogo mno, yaliyopangwa juu ya bawa kama vigae juu ya paa, na ndiyo yanayobeba rangi na michoro ya mdudu huyo.

Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kutazama vipapasio vilivyo kichwani. Vipapasio vya kipepeo ni vyembamba na huishia kwa kirungu kidogo. Vya nondo huwa kama uzi mtupu, au huwa na matawi mfano wa unyoya wa ndege. Kipepeo anapotua, kwa kawaida husimamisha mabawa yake juu ya mgongo, lakini nondo wengi huyalaza ubavuni au kuyatandaza.

Kanuni hizo zina watu wake wa kuzivunja. Nondo aitwaye Hemaris thysbe huruka mchana kweupe na kuelea mbele ya maua akinyonya utamu wake, kiasi kwamba wengi humdhania kuwa ndege mvumaji, yule ndege mdogo wa Amerika anayeweza kusimama hewani. Mabawa ya nondo huyo yana sehemu zisizo na magamba, zinazopitisha mwanga kama kioo.

Wengi wa waliosalia hutegemea kutoonekana. Nondo wa jenasi ya Catocala wana mabawa ya mbele yanayofanana na gome la mti. Mmoja wao akitua juu ya mwaloni, macho ya mtu yanaweza kumpita mara kadhaa. Akiguswa, hufunua ghafla mabawa ya nyuma yenye mistari myekundu, ya njano au ya rangi ya chungwa, na ndege aliyetaka kumdonoa hushtuka. Nondo wa aina ya Automeris io naye ana alama mbili nyuma zinazofanana na macho ya mnyama mkubwa.

Kwa ukubwa, baadhi ya nondo wa bara hilo hawafikii punje ya mchele. Mkubwa kuliko wote wenye asili ya huko ni Hyalophora cecropia, ambaye mabawa yake yakitandazwa yana upana wa sentimita 15 au zaidi, kipimo kinachokaribia shubiri ya mtu mzima. Mwili wake ni mwekundu wenye mikanda myeupe, na mabawa yake ya kijivu na kahawia yana alama za mwezi mwandamo.

Siku chache za mabawa

Maisha ya Cecropia yanaonyesha vizuri hatua nne ambazo kila nondo huzipitia, yaani yai, kiwavi, pupa na mdudu kamili. Jike hutaga mayai zaidi ya 100, akiyabandika machache machache kwenye majani ya miti kama vile micheri, mitufaha na mepo, ule mti ambao jani lake limechorwa kwenye bendera ya Kanada. Baada ya wiki mbili hivi mayai huanguliwa.

Kiwavi anayetoka huwa mweusi na mdogo kama kipande cha uzi. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kula. Ngozi yake haikui pamoja naye, hivyo humlazimu kujivua mara kwa mara, na kila ajivuapo sura yake hubadilika. Mwishoni huwa wa kijani, mnene kama kidole gumba cha mtu, mwenye vinundu vya rangi nyekundu, njano na buluu mwilini.

Kiangazi kinapoelekea ukingoni, kiwavi hujisokotea kifukofuko cha hariri chenye kuta mbili kwenye kijiti. Ndani yake hugeuka kuwa pupa, na katika hali hiyo hungoja majira yote ya baridi, huku theluji ikianguka juu yake. Wengi hawaufikii mwisho wa safari hiyo. Kigong'ota hutoboa kifukofuko kwa mdomo wake, na panya hukitafuna.

Anayesalimika hutoka mwishoni mwa majira ya kuchipua au mwanzoni mwa kiangazi, mabawa yakiwa yamelowa na kusinyaa. Huning'inia mahali kwa muda hadi yatanuke na kukauka. Tangu hapo hali wala hanywi, kwa sababu sehemu zake za mdomo hazifanyi kazi. Nguvu zote atakazozitumia alijiwekea akiba alipokuwa kiwavi. Akiba hiyo humtosha kwa wiki moja au mbili, kisha hufa.

Katika siku hizo chache hana budi kupata mwenzi. Jike hukaa mahali pamoja na kutoa harufu maalumu ambayo pua ya binadamu haiwezi kuinusa. Dume hupokea chembechembe za harufu hiyo kwa vipapasio vyake vipana vyenye matawi, akaifuata gizani dhidi ya upepo kutoka umbali unaozidi kilometa moja.

Mawasiliano hayo nayo yana majambazi wake. Wako buibui wa jenasi ya Mastophora ambao hawatandi utando wa kawaida. Hutoa harufu inayoiga ile ya nondo jike wa aina fulani, na dume anaposogea kwa matumaini, buibui humrushia tone la gundi lililofungwa kwenye uzi na kumvuta.

Vita vya gizani

Adui mkubwa wa nondo wa usiku ni popo, ambaye hutoa milio mikali isiyosikika kwa sikio la mtu na kuyatambua mawindo kwa mwangwi unaomrudia. Katika vita hivyo vya muda mrefu, nondo wamejipatia silaha mbalimbali. Aina nyingi zina masikio yanayousikia mlio wa popo, na mara tu wakiusikia hujiangusha chini au kuruka kwa kupindapinda.

Nondo wa Luna, yaani Actias luna, hana masikio. Yeye ni wa kijani hafifu, mwenye mikia miwili mirefu inayojipinda nyuma ya mabawa. Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Boise State na kuchapishwa mwaka 2015 ulieleza kazi ya mikia hiyo. Inapozunguka wakati wa kuruka hutoa mwangwi unaomvuta popo, akauma mkia badala ya mwili. Nondo waliokatwa mikia walikamatwa kwa kiwango kilichozidi mara mbili kile cha wenye mikia kamili.

Katika jimbo la Arizona anapatikana nondo mdogo aitwaye Bertholdia trigona, ambaye hujibu kwa sauti. Popo anapokaribia, yeye hutoa milio ya haraka haraka inayovuruga mwangwi, na popo hukosa shabaha. Hayo yalithibitishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009.

Jambo moja ambalo silaha hizo hazilimudu ni taa ya umeme. Kwa muda mrefu watu walisadiki kwamba nondo huufuata mwanga kwa kuupenda, au huudhania kuwa mwezi. Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Imperial cha London na wenzao wa Florida walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za kasi kubwa wadudu wanaozunguka taa. Walibaini kwamba mdudu anaporuka usiku huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga zaidi, ambao tangu zama na zama ulikuwa ni anga. Taa inapokuwa kando yake, hugeuza mgongo kuielekea, na matokeo yake ni kuzunguka bila kikomo. Kwa maneno mengine, nondo anayezunguka taa ya barazani ni msafiri aliyepotezewa njia.

Wanaovumilia barafu

Kaskazini mwa bara hilo, kinachoua wadudu wengi zaidi kuliko popo ni baridi. Kila aina imelazimika kutafuta namna ya kuupita msimu huo. Kiwavi wa Pyrrharctia isabella, mwenye manyoya meusi pande zote mbili na mkanda wa kahawia katikati, hujificha chini ya majani makavu na kuganda. Mwili wake hutengeneza kemikali zinazozuia barafu isipasue chembe hai zake, na joto linaporudi huendelea na maisha.

Kiwavi huyo ni mashuhuri Marekani, kwani wako wanaoamini kwamba mkanda wa kahawia ukiwa mpana, baridi itakuwa nafuu. Miji ya Banner Elk katika North Carolina na Vermilion katika Ohio humfanyia sherehe kila mwaka. Sayansi haijaiunga mkono imani hiyo. Upana wa mkanda hutegemea umri wa kiwavi na hali ya hewa ambayo amekwisha kuipitia, wala si ile inayokuja.

Mbali zaidi, katika visiwa vya Aktiki vya Kanada, anaishi Gynaephora groenlandica. Huko kiangazi ni kifupi kiasi kwamba kiwavi huyo hupata wiki chache tu za kula kwa mwaka, na muda uliobaki hukaa akiwa ameganda. Humchukua takriban miaka saba kukua na kuwa nondo, ambaye huishi siku chache tu.

Faida zisizoonekana

Msomaji anaweza kuuliza, nondo wana faida gani? Jibu moja liko katika jangwa la Mojave, magharibi mwa Marekani, unakoota mti wa Yoshua. Mti huo na jamaa zake wa jenasi ya Yucca hutegemea nondo wadogo weupe na wa kijivu ili kuzaa mbegu. Jike hukusanya chavua katika ua moja, akaenda katika ua jingine, akataga mayai ndani yake, kisha akaisindilia chavua mahali panapohitajika. Viwavi wake hula sehemu ya mbegu, na zilizobaki huendeleza kizazi cha mti. Uhusiano huo umejulikana kwa wanasayansi tangu miaka ya 1870.

Jibu la pili ni ndege. Profesa Douglas Tallamy wa Chuo Kikuu cha Delaware ameeleza kwamba jozi moja tu ya ndege wadogo wa msituni huweza kuhitaji viwavi kati ya 6,000 na 9,000 kulisha makinda wa kiota kimoja hadi waruke. Pasipo nondo, misitu hiyo ingekuwa kimya.

Kosa la Medford

Usawa huo wa maumbile ulivurugwa katika mji wa Medford, jimbo la Massachusetts, karibu na Boston. Huko aliishi Mfaransa aliyeitwa Étienne Léopold Trouvelot, msanii mwenye kipaji na mpenzi wa wadudu. Alikuwa akifuga kwa wingi nondo wa kienyeji, Antheraea polyphemus, kwa matumaini ya kuzalisha hariri Marekani, na mwaka 1867 alichapisha makala kuhusu kazi hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1860, Trouvelot alipata mayai ya nondo mwingine kutoka Ulaya, Lymantria dispar. Baadhi ya viwavi walitoroka kutoka kwake, na mwaka unaotajwa zaidi ni 1869. Yeye mwenyewe alitambua hatari na kuwaarifu wengine, lakini hakuna hatua ya maana iliyochukuliwa. Baadaye aliacha wadudu, akawa mchoraji mashuhuri wa sayari na nyota, na mwaka 1882 alirejea Ufaransa.

Kwa takriban miaka 20 nondo hao waliongezeka polepole. Mwaka 1889 mji wa Medford ulivamiwa. Viwavi walimaliza majani ya miti, wakafunika kuta na njia, wakaingia hadi ndani ya nyumba. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo ilianza kampeni ya kuwatokomeza kwa kukwangua mayai, kuchoma moto na kupuliza sumu. Kufikia mwaka 1900, kampeni hiyo ilipositishwa, zaidi ya dola milioni moja zilikuwa zimetumika, na nondo walikuwa bado wapo.

Jike wa aina hiyo ya Ulaya hawezi kuruka. Hutaga mamia ya mayai kwa pamoja na kuyafunika kwa manyoya ya rangi ya mchanga, yakaonekana kama kipande cha sifongo. Kwa sababu hiyo, mwaka 2022 Jumuiya ya Wataalamu wa Wadudu ya Marekani iliamua mdudu huyo aitwe nondo wa sifongo, mahali pa jina la zamani lililowadhalilisha watu wa jamii ya Roma. Mayai hayo hubandikwa popote, iwe kwenye gari, kuni au viti vya bustanini, na binadamu huyasafirisha bila kujua. Mwaka 1981 pekee, viwavi wake walipukutisha majani katika eneo la zaidi ya hekta milioni tano za misitu ya mashariki mwa Marekani.

Dawa iliyogeuka maradhi

Katika kutafuta suluhisho, mwaka 1906 wataalamu walianza kuingiza kutoka Ulaya nzi aitwaye Compsilura concinnata. Nzi huyo hutoboa ngozi ya kiwavi na kumwingizia buu hai, ambaye humla kiwavi kutoka ndani. Uingizaji wake uliendelea kwa vipindi hadi mwaka 1986, akikusudiwa kupambana na aina 13 za wadudu waharibifu.

Hesabu moja ilisahaulika. Nondo wa sifongo huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka, na viwavi wake hutoweka katikati ya kiangazi. Nzi yule huzaa vizazi kadhaa kwa mwaka. Viwavi aliokusudiwa wakiisha, hana budi kutafuta wengine ili kizazi chake kisikatike, na ana uwezo wa kushambulia zaidi ya aina 150.

Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika misitu ya jimbo hilo. Waliweka mitini viwavi 500 wa Cecropia, yule nondo mkubwa wa kienyeji asiyemdhuru mtu. Hakuna hata mmoja aliyeishi kupita hatua ya tano ya ukiwavi. Katika kundi lingine lililofuatiliwa kwenye hatua tatu za mwanzo, asilimia 81 ya vifo ilisababishwa na nzi huyo. Watafiti hao walieleza kwamba kupungua kwa nondo wakubwa wa hariri kaskazini mashariki mwa Marekani, jambo lililowasikitisha wapenzi wa viumbe kwa miaka mingi, huenda kunatokana kwa kiasi kikubwa na mdudu aliyeletwa kama mkombozi.

Fundisho hilo halikupotea bure. Miongoni mwa waandishi wa ripoti hiyo alikuwamo Joseph Elkinton. Massachusetts ilipovamiwa tena na nondo wa Ulaya, safari hii Operophtera brumata anayeruka Novemba na Desemba katika baridi, yeye na wenzake walichagua silaha kwa uangalifu. Kuanzia mwaka 2005 waliachilia nzi mwingine, Cyzenis albicans, ambaye maisha yake yamefungamana na nondo huyo na ambaye alikwisha kufanikiwa nchini Kanada. Nzi huyo alistawi, na nondo waliokuwa wakipukutisha mialoni na mitufaha wakapungua hadi kuacha kuwa tishio.

Nzi wote wawili waliletwa kwa nia njema. Tofauti ni kwamba wa kwanza hachagui chakula, na wa pili anachagua. Jambo hilo lilihitaji kujulikana kabla ya kufungua mlango wa kizimba.

Aliyevuka bahari

Mkasa huo unagusa Afrika kwa karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Nondo aitwaye Spodoptera frugiperda, mdogo na wa kijivu, ana asili katika maeneo ya joto ya Amerika. Nchini Marekani baridi humzuia. Hana uwezo wa kulala usingizi mrefu wa msimu kama Cecropia, hivyo kila mwaka hufa kote isipokuwa kusini kabisa mwa Florida na Texas. Kila majira ya kuchipua wazao wa walionusurika huko husafiri kwa upepo kuelekea kaskazini, kizazi baada ya kizazi, hadi kufika Kanada. Kwa usiku mmoja anaweza kuruka kilometa 100.

Mwaka 2016 alithibitishwa Afrika Magharibi. Mwaka 2017 alikuwa amefika Kenya na Tanzania, ambako viwavi wake walipewa jina la viwavijeshi vamizi ili kuwatofautisha na viwavijeshi wa siku zote. Kufikia mwaka 2018 alikuwa amesambaa karibu kote kusini mwa Sahara. Huku hakuna theluji ya kumrudisha nyuma. Katika joto, mzunguko wa maisha yake hukamilika kwa takriban siku 30, na mahali penye mahindi misimu yote hupata chakula mwaka mzima.

Makadirio yaliyotolewa mwaka 2017 na shirika la CABI yalionyesha kwamba, endapo asingedhibitiwa, nchi 12 za Afrika zinazolima mahindi zingeweza kupoteza kati ya tani milioni 8.3 na milioni 20.6 kwa mwaka. Hasara ya aina hiyo haibaki shambani. Humfuata mkazi wa mjini hadi dukani, kwenye bei ya kilo ya unga.

Kiwavi huyo hutambulika kwa alama inayofanana na herufi Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso, na madoa manne meusi yaliyokaa mfano wa pembe nne za mraba karibu na mwisho wa mwili wake. Akikua huzama ndani ya moyo wa mhindi, ambako dawa ya kupuliza humfikia kwa shida. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kukagua shamba mapema, mimea ikiwa michanga, na kuponda mayai na viwavi wadogo kabla hawajajificha.

Ziko pia njia zisizotegemea sumu pekee. Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu (icipe) chenye makao Nairobi kimetangaza mbinu ya vuta-sukuma, ambapo mahindi huchanganywa na mmea wa desmodiamu unaowafukuza nondo, na shamba huzungushiwa nyasi zinazowavuta. Utafiti wa kituo hicho uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba idadi ya viwavi kwa kila mhindi ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika mashamba yaliyotumia mbinu hiyo.

Historia ya Medford inaonya dhidi ya mambo mawili: kumpuuza mgeni akiwa bado mchache, na kumwita msaidizi yeyote bila kujua atakula nini adui akiisha. Trouvelot alitoa tahadhari, na takriban miaka 20 ikapita bila hatua. Nzi wa mwaka 1906 aliletwa kwa haraka, na karibu miaka 100 ikapita kabla ya madhara yake kwa Cecropia kupimwa. Kwa nchi ambazo chakula chake kikuu ni ugali, muda wa kusubiri kiasi hicho haupo.